Mzae Akitoka Baipasi: Kazi Kubwa Inaanza Siku Anarudi Keja

Regis Philbin alikuwa na miaka 75 madaktari wa New York walipomfungua kifua Machi 2007. Kama humjui, huyu ndiye buda aliyeendesha Who Wants to Be a Millionaire ya Marekani ilipoanza mwaka wa 1999. Alifanyiwa baipasi ya mishipa mitatu, akakaa nje wiki sita hivi, na Aprili 26 akarudi kwa kiti chake cha kipindi cha asubuhi akichekesha watu kama kawa. Aliishi miaka mingine 13. Alipofariki Julai 2020 akiwa na miaka 88, kilichomchukua kilikuwa mshtuko wa moyo, ugonjwa ule ule wa mishipa uliomfanya apasuliwe.

Hiyo stori iko na pande mbili na zote ni za ukweli. Msee wa miaka 75 anaweza kupasuliwa moyo, apone, arudi job na aishi miaka mingi. Lakini baipasi haitoi ugonjwa mwilini. Inaupita kando tu. Sasa huku kwetu mtaani wengi hushika upande mmoja wa hiyo stori. Kuna familia inaona mzae ameshakuwa yai, asiguswe, akae kwa kochi mpaka Yesu arudi. Halafu kuna ile nyingine inasema "si alipasuliwa, ameshapona", na mwezi wa nne dawa zikiisha hakuna mtu anakumbuka kwenda chemist. Hizo zote mbili ni njia ya kupoteza mzee ambaye daktari alikuwa tayari ameokoa.

Kwanza tuelewe kilichofanyika huko ndani

Moyo ni msuli, na unahitaji damu yake wenyewe kama msuli mwingine wowote. Hiyo damu inaletwa na mishipa myembamba iliyoushika kwa nje. Miaka ikisonga, presha, kisukari, sigara, mafuta mengi na umri wenyewe vinafanya ukuta wa mishipa hiyo ujae uchafu wa mafuta. Siku moja ule uchafu unapasuka, damu inaganda hapo hapo, njia inafungika. Sehemu ya moyo iliyokuwa inategemea njia hiyo inaanza kufa dakika kwa dakika. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kwa wazee, na sana sana kina mathe na watu wa kisukari, mambo hayakuji vile unaona kwa sinema, msee akishika kifua na kuanguka. Inaweza kuja kama kukosa pumzi, jasho baridi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla, ama maumivu ya taya, mkono au mgongo. Ndio maana shosh anaweza kusema ni asidi, apewe maziwa baridi na dawa ya tumbo, alale, na asubuhi sehemu ya moyo iwe imeshakufa. Mzee akianza hivyo na hajawahi kuwa hivyo, usingoje kupambazuke. Tafuta gari.

Baipasi yenyewe ilikuja kujulikana sana baada ya 1967, wakati René Favaloro, daktari wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, alianza kutumia mshipa wa mguu kurekebisha moyo. Fikiria lori limepinduka Mombasa Road na njia imefungika kabisa. Badala ya kusukuma lori, polisi wanakufungulia kanjia ka kando, mnazunguka na kurudi barabarani mbele. Daktari anafanya hivyo. Anachukua mshipa wa mguu, ama wa mkono, na mara nyingi ateri moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, anaishona ipite pale palipofungika. Damu inafika. Lakini lori bado liko hapo barabarani, na kile kilichofanya madereva waanguke bado kiko.

Halafu hiyo mishipa mipya haina umri sawa. Ile ateri ya kifua ni ngumu kweli, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa bado ziko wazi baada ya miaka 10. Ya mguu ni dhaifu, karibu nusu huwa imefungika ama kuharibika kwa muda huo huo. Muulize Bill Clinton. Alifanyiwa baipasi ya mishipa minne Septemba 2004 akiwa na miaka 58. Wiki saba baadaye alikuwa jukwaani Philadelphia akimpigia debe John Kerry. Machi 2005 akarudishwa kwa upasuaji mwingine, maji na kovu vilikuwa vimekandamiza pafu la kushoto. Februari 2010 mshipa mmoja wa ile baipasi ukawa umefungika, akawekwa stenti mbili. Baada ya hapo ndio alibadilisha sahani yake kabisa na kuachana na nyama karibu yote. Na Agosti 2024, miaka 20 baada ya kupasuliwa, bado alisimama kuhutubia mkutano mkuu wa chama chake. Kwa hivyo mtu anaweza kurudi hosi mara mbili, mara tatu, na bado mambo yaende poa. Kurudi hosi si kwamba upasuaji ulifeli.

Mfupa ndio bosi wa miezi mitatu ya kwanza

Watu wengi wakiskia "upasuaji wa moyo" wanawaza moyo tu. Lakini ukimuuliza mgonjwa mwenyewe nini kinamuuma wiki ya pili, atakuonyesha kifua, mabega, mgongo na mguu. Kufikia moyo, daktari anakata ule mfupa wa katikati ya kifua kutoka juu mpaka chini, halafu akimaliza anaufunga na waya za chuma. Kwa maneno mengine, mzae amevunjika mfupa mkubwa. Ungekuwa mguu, ungeona plasta na kila mtu angekuwa na adabu. Kwa sababu uko chini ya shati, watu wanasahau.

Huo mfupa unachukua wiki sita hadi nane kushikana, na karibu miezi mitatu kuwa na nguvu ya kawaida. Hiyo ndiyo inatoa zile sheria zote zinaonekana kama madaktari wanasumbua tu. Asibebe kitu cha zaidi ya kilo mbili tatu hivi, maanake mtungi wa maji ni hapana, mtungi wa gesi ni hapana, na mjukuu anayekimbia akitaka kubebwa akae karibu naye kwa kiti badala ya kurukia kifua. Asisukume mlango mzito, asifue blanketi kwa mkono, asivute ng'ombe, asilime. Akiamka kitandani ajigeuze ubavu kwanza, ashushe miguu, ainuke, asijivute kwa mikono. Na usimsaidie kwa kumvuta mkono, hiyo ni makosa watu wazuri hufanya kila siku.

Akikohoa ama kupiga chafya, akumbatie mto mdogo kwa kifua. Inakaa kama mchezo lakini huo mto ndio rafiki yake wa karibu mwezi mzima. Na lazima akohoe, na avute pumzi ndefu mara nyingi kwa siku, kwa sababu mtu anayeogopa maumivu anapumua kijuujuu na mapafu yanaanza kukusanya makohozi. Nimonia inaingia hapo.

Kuendesha gari, wiki nne hadi sita za kwanza ni hapana, na daktari ndiye wa kusema lini. Hata akiwa abiria, aketi nyuma na afunge mkanda, na mto uwe kati ya mkanda na kifua. Kuhusu matatu za mtaani, zile za kukanyagia watu breki na makanga kuvuta watu mlangoni, mimi ningesema wacha kwanza. Kama hakuna gari la familia, changeni teksi ya siku za kliniki. Mlichanga ya upasuaji, hii si ngori.

Ule mguu uliotolewa mshipa nao utavimba. Mara nyingi ni kawaida. Auinue akikaa, asikunje nne, atembee. Lakini ukivimba ghafla, nyama ya nyuma ya mguu iwe ngumu, moto na inauma, hiyo si ya kungoja, inaweza kuwa damu imeganda.

Atembee, hata kama mathe anakataa

Hapa ndio kuna vita kwa nyumba nyingi. Mathe anataka mzee apumzike. Watoto wa Nairobi wanapiga simu, "Fathe, usisimame." Wote wanapenda, na wote wanaharibu. Mtu mzima akilala tu kitandani anapoteza misuli haraka sana, na kwa mzee wa miaka 70 kuirudisha ni kazi ngumu mara mbili.

Hosi wanamfanya akae kwa kiti na atembee mapema, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili. Akifika home aendelee. Dakika tano, mara tatu nne kwa siku, mahali tambarare, kwa ploti ama kwa boma. Kila siku mbili tatu ongeza dakika moja ama mbili. Wengi wakifika wiki ya sita wanaweza kutembea nusu saa bila kusimama. Kipimo ni rahisi na hakihitaji saa ya bei: akitembea aweze kuongea na wewe sentensi nzima. Akishindwa kumaliza sentensi, anaenda mbio sana. Akiweza kuimba, anaweza kuongeza kidogo. Asitembee jua kali la saa saba, asitembee punde tu baada ya kula, na mlima auweke baadaye.

Hosi zingine kubwa ziko na programu rasmi ya mazoezi kwa wagonjwa wa moyo, ambapo mtu anafanya mazoezi huku akichekiwa presha na mapigo, na anafundishwa msosi na dawa. Wanaoenda hurudi wodini mara chache kuliko wasioenda. Kama iko karibu na mnaweza kulipa, mpeleke. Kama hamko karibu na mji mkubwa, muulize daktari awaandikie mpango wa kutembea kwa karatasi, msitoke kliniki bila hiyo karatasi.

Kile hakuna mtu alikuambia: huzuni

Wiki ya tatu ama ya nne, kidonda kinakauka, wageni wameacha kuja na soda na mkate, na mzee ananyamaza. Halali usiku. Chakula hakina ladha. Anasahau majina, anasoma gazeti ukurasa mmoja mara tatu. Analia kwa habari za saa moja na hajawahi kulia hata kwa mazishi ya mamake. Anakasirikia watu kwa vitu vidogo. Familia inaanza kusema amekuwa mgumu, ama eti amerogwa.

Hajarogwa. Akili kuwa na ukungu baada ya upasuaji mkubwa hivi ni kawaida na kwa wengi inaisha ndani ya wiki ama miezi kadhaa. Hamu ya kula na usingizi pia hurudi pole pole. Lakini sonona, ile huzuni haitoki, inashika karibu mtu mmoja kati ya watano baada ya mshtuko wa moyo, na si udhaifu wa imani. Tena ni hatari kwa moyo wenyewe, kwa sababu mtu aliyekata tamaa hanywi dawa, hatembei, harudi kliniki.

David Letterman, mtangazaji mwingine wa Marekani, alifanyiwa baipasi ya mishipa mitano Januari 2000 akiwa na miaka 52. Babake alikuwa amekufa na moyo akiwa na 57. Letterman aliporudi kwa kipindi Februari 21, wiki tano baadaye, hakuanza na vichekesho vyake tu. Aliwaita jukwaani madaktari na manesi waliomhudumia, mmoja mmoja, na ungeona machozi yako karibu. Mwanaume aliyejenga jina kwa kukejeli kila kitu.

Kwa wazee wetu waliolelewa na ile ya "mwanaume halii", hiyo ni ngumu. Usimuulize "uko na mawazo?" Atakuambia hapana. Muulize analala masaa mangapi, ama anaogopa nini usiku. Wengi wanaogopa kulala wasiamke. Kama huzuni imepita wiki mbili mfululizo, mwambieni daktari wa kliniki waziwazi, kuna matibabu. Na kama anasema afadhali angekufa, hiyo ni siku hiyo hiyo, si kliniki ya mwezi ujao.

Dawa, na ile diclo ya chemist

Mzee wa baipasi mara nyingi anatoka na aspirini ndogo ya kila siku, dawa ya kupunguza mafuta ya damu inaitwa statini, beta bloka ya kutuliza mapigo, na dawa ya presha. Wengine wanaongezewa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Nyingi kati ya hizi ni za maisha. Statini si ati ukipima na kolesteroli iko sawa unaacha. Iko sawa kwa sababu anaimeza. Beta bloka ukiikata ghafla, moyo unaweza kuruka na kuleta maumivu ya kifua upya.

Doh ndiyo inafanya wengi waache, tusidanganyane. Kabla ya kukata dawa moja kimya kimya, mwambie daktari mnaweza kulipa ngapi. Dawa nyingi za hii kazi ziko na aina ya bei nafuu yenye kazi ile ile. Na muulize mapema kama SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia nini baada ya mgonjwa kutoka wodini, kwa sababu watu huchanga pesa yote iishie kwa upasuaji na mwezi wa pili ile grupu ya WhatsApp imenyamaza kama kaburi.

Sasa hii ishike vizuri. Mzee huyu ana magoti yanauma. Amezoea kwenda chemist kununua diclofenac ama ibuprofen kwa shilingi chache. Kwa mtu aliyetoka baipasi hizo ni hatari. Dawa za jamii hiyo zinaongeza uwezekano wa mshtuko mwingine wa moyo na kiharusi, zinapandisha presha, zinaumiza figo, na zikikutana na aspirini zinaweza kutoboa tumbo. Aulize daktari, mara nyingi ataambiwa atumie paracetamol. Mwambie pia yule wa chemist wa mtaa wenu, kwa jina la mzee, "huyu amepasuliwa moyo." Mitishamba nayo isiingie bila daktari kujua, kuna zingine zinapigana na dawa za damu.

Na kuna hii ambayo wazee hawaulizi mbele ya watoto: mambo ya chumbani. Inarudi. Kipimo cha kawaida ni kama anaweza kupanda ngazi za gorofa mbili bila kifua kuuma ama kukosa pumzi, na kwa sababu ya mfupa wengi huambiwa wangoje wiki sita hadi nane, na asiegemee mikono. Lakini zile tembe za kuongeza nguvu zinazouzwa mtaani, kina sildenafil, zikikutana na dawa ya nitrati ya maumivu ya kifua, ile ya kuwekwa chini ya ulimi, presha inaanguka ghafla na mtu anaweza kudedi hapo hapo. Hiyo ni moja ya vitu mtoto wa kiume anaweza kumwambia babake wakiwa wawili tu kwa gari.

Msosi, kwa ufupi

Wiki za kwanza hamu imepotea, kwa hivyo usimpige vita juu ya chumvi mpaka aache kula kabisa. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na protini ya kutosha kuponya kidonda: ndengu, maharagwe, samaki, mayai, kuku bila ngozi. Supu ya kichwa na miguu inayoletwa na kila mgeni, ile yenye mafuta yanaelea juu, si dawa ya mfupa. Ikishapikwa wacha ipoe, toa yale mafuta yaliyoganda, ndio apewe. Akishapata nguvu, chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iko kwa viungo vya pakiti na mkate. Managu, terere, sukuma, nduma na viazi vitamu ndio marafiki. Mutura ni ya kuangalia tu.

Sigara ni hapana, hata moja. Larry King wa CNN alikuwa anavuta hadi pakiti tatu kwa siku. Februari 1987 akapata mshtuko wa moyo, akaacha siku hiyo hiyo, Desemba akafanyiwa baipasi ya mishipa mitano. Alikuwa na kisukari pia. Aliishi mpaka Januari 2021, akiwa na 87.

Kimbia hosi kama

Kifua kinauma kama ile ya kwanza. Pumzi inakata akilala chali, ama uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, hayo ni maji. Joto limepita 38. Kidonda kinatoa usaha, ama mfupa wa kifua unalia "tik" akigeuka. Moyo unakimbia bila mpangilio na kizunguzungu. Hii ya mapigo kuvurugika inapata karibu mtu mmoja kati ya watatu au wanne siku chache baada ya upasuaji, na ikija nyumbani isipuuzwe. Uso ukienda upande mmoja ama maneno yakikwama, hiyo ni kiharusi, usianze kumpa maji.

Halafu Krismasi ikifika atataka kwenda shags. Kama miezi mitatu imeisha na daktari amekubali, mwacheni aende, hewa ya nyumbani na wazee wenzake itamfanyia kitu mazoezi hayawezi. Simamisheni gari kila saa moja na nusu atembee dakika tano. Abebe dawa za siku zote za safari na wiki moja juu, ndani ya mkoba wake, si kwa buti, na karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya upasuaji iwe kwa mfuko wa shati. Na mjue kabla ya kutoka Nairobi ni hosi gani ya karibu na boma inayoweza kupima moyo usiku.